Saa Tisa kwa Msajili

Sehemu ya Sita

Gari lilikata kushoto.

Naam, kushoto! Wiki nzima mmenikaba koo mkitaka kujua kama Meneja alikosea njia. Mtu aliyezaliwa kando ya barabara ile, akaendea shule barabara ile, akafundishwa kuendesha gari barabara ile, atakoseaje njia? Hakukosea. Alikusudia.

Na wewe uliyeshika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, sogea nikuambie kwa pumzi moja. Bi Tiketi, mjane wa miaka sitini na mbili, aliyekata tiketi za treni dirisha namba mbili kwa miaka thelathini na moja, leo anaolewa. Anaolewa mji wa pili, mwendo wa asubuhi nzima kutoka hapa, kwa msajili wa ndoa, saa tisa alasiri. Tangazo lao la ndoa linakufa leo saa hiyo hiyo. Likifa, waanze upya, miezi mitatu mingine. Na bwana harusi alishasema: "Usipotokea, nitajua umekataa. Sitakusumbua tena."

Wanawe wawili hawataki kusikia. Juzi walimwambia treni inachelewa. Jana wakamwambia basi linavunja mgongo. Leo asubuhi Meneja, mkubwa wao, akaja na gari lake jipya na ulimi wa asali: "Mama, nimekubali. Nitakupeleka mwenyewe." Mama wa watu akaisokomeza tiketi yake ya treni kifuani, akapanda gari.

Sasa gari limekata kushoto, na ni saa mbili na nusu asubuhi.

"Hii si njia," alisema Bi Tiketi.

"Ni njia, Mama."

"Ya wapi?"

Meneja aliongeza sauti ya redio. Mama yake, kutoka kiti cha nyuma, akanyoosha mkono akaizima kabisa.

"Nimekuuliza, ya wapi?"

"Ya kwangu. Utashinda na wajukuu zako. Jioni tutakaa tuzungumze kama watu wazima."

"Jioni tangazo langu litakuwa limekufa."

"Ndiyo maana nimesema jioni."

Bi Tiketi akavuta kitasa cha mlango. Wapi! Mlango haukufunguka. Akavuta tena, akaelewa. Meneja alikuwa amewasha kufuli la watoto, lile la kuzuia vitoto visianguke barabarani. Na aliyefungiwa ni yeye, aliyemfunga nepi huyo aliyeshika usukani!

"Mama, tusidanganyane. Una miaka sitini na mbili. Watu watasema nini?"

"Watu wamenisema tangu nikiwa msichana, hawajachoka. Waache waendelee na kazi yao."

"Unaolewa na mtu uliyemjua kwenye simu!"

"Simu ya reli, tena kwa miaka ishirini na miwili. Wewe mkeo ulimjua miezi mingapi?"

Meneja akaongeza mwendo. Hapo mama alikuwa amempata. Kila asubuhi kwa miaka hiyo ishirini na miwili, Bi Tiketi alipiga simu kituo cha mwisho wa reli kuuliza nafasi za mabehewa, na kila asubuhi alijibiwa na sauti ile ile ya mpiga bendera wa kituo: "Dirisha Mbili, hapa Bendera. Umeamkaje?" Walistaafu mwaka uleule mmoja. Ndipo alipomwona kwa macho, na mpaka leo wameonana mara nne tu. Bendera kafiwa na mke, yeye kafiwa na mume. Kosa liko wapi?

"Haya, sawa," Meneja alifoka. "Na watoto wangu watalelewa na nani?"

Lilimtoka tu. Alipotaka kulirudisha, lilikuwa limeshakaa kwenye dashibodi, wote wawili wanalitazama.

"Ahaa," alisema Bi Tiketi polepole. "Hapo sasa tumefika. Kumbe huogopi kukosa mama. Unaogopa kukosa yaya."

Ilimuuma, asikudanganye mtu. Mtoto aliyemsomesha kwa kukaa kwenye kiti cha mbao mpaka kiuno kikawa hakinyooki, leo anampangia siku kama anavyompangia mtumishi. Machozi yalimfika kwenye kope. Akayarudisha yalikotoka.

"Simamisha gari. Nimebanwa na mkojo."

"Tutafika sasa hivi."

"Sawa. Kiti hiki umesema ni ngozi ya wapi vile?"

Meneja akageuka. Akamtazama mama yake. Akakitazama kiti, ambacho hata watoto wake hawaruhusiwi kukikalia na biskuti. Mama akajisogeza kidogo, akakunja uso. Dakika mbili baadaye gari lilikuwa kwenye kituo cha mafuta.

Meneja alimfungulia mlango kwa nje, akamsindikiza mpaka chooni, akasimama mlangoni mikono kifuani. Bi Tiketi alipotoka, hakuelekea kwenye gari. Alipita pembeni yake kama anayepita nguzo ya umeme, akashika njia ya kurudi barabara kuu.

"Mama! Unakwenda wapi?"

"Kuolewa!"

Mjue kwamba sauti ya Bi Tiketi ilizoea kupenya kioo, kelele za abiria na honi ya treni kwa pamoja. Wauza mafuta wawili wakageuka. Mwenye lori akateremsha kioo. Mama mmoja aliyekuwa akijaza upepo tairi la baiskeli akaacha upepo ujiendee.

"Mama, punguza sauti. Watu wanatutazama."

"Si ulitaka kujua watu watasema nini? Hawa hapa. Waulize!" Akawageukia. "Ndugu zangu, huyu ni mwanangu wa kumzaa. Amenifungia garini nisiende kuolewa. Semeni sasa, anataka kusikia!"

"Mwache mama aende zake, we!" alipiga kelele mwenye lori.

"Aolewe!" akaitikia mwenye baiskeli. "Unamwonea wivu mama yako?"

Meneja aliyehofu maneno ya watu sasa aliyapata ya kutosha. Akasimama pale, uso umemvimba, funguo zinamlia mkononi. Na Bi Tiketi, mkoba begani, kitambulisho kwenye mkoba, alikuwa ameshafika barabarani anapungia basi.

Basi likasimama. Gari limeshindwa, msomaji. Tuone basi.

Alipata kiti cha dirishani, nyuma ya dereva. Kwa saa mbili mambo yalikwenda kama maji kwenye mteremko. Basi lilikuwa jipya, dereva mkimya, kondakta mcheshi. Bi Tiketi alianza hata kuona haya kwa jinsi alivyoyasema mabasi maisha yake yote. Pale dirisha namba mbili, abiria akimwambia atapanda basi kwa sababu treni imejaa, alikuwa akimwambia, "Haya, tutakusoma gazetini."

Saa tano kasoro robo basi likaingia kwenye mkahawa wa kando ya njia.

"Dakika kumi na tano!" alitangaza kondakta. "Kula, kunywa, chooni. Asiyerudi tunamwacha na mwenye mkahawa, atamsaidia kuosha vyombo!"

Watu wakacheka, wakashuka. Dakika kumi na tano zikapita. Zikapita ishirini na tano. Dereva alikuwa kivulini, simu sikioni, anaitikia tu: "Ndiyo, bosi. Ndiyo, bosi. Nimeelewa, bosi."

Bi Tiketi akaligeukia basi. Basi lilikuwa la kampuni gani? Akalizunguka mpaka ubavuni, akasoma maandishi, akajipiga paja. Ya Ratiba! Kampuni ya mwanawe wa pili, yule anayepanga safari zote za mabasi, lipi litoke saa ngapi na lisimame wapi. Katoroka kwa mkubwa, kajipeleka mwenyewe kwa mdogo!

Akamwendea kondakta. "Mwanangu, kuna nini?"

"Tairi, Mama."

"Tairi lipi?"

"La... la nyuma."

"Ya nyuma yako manne. Nionyeshe."

Kondakta akamtazama, akatazama tairi, akatazama viatu vyake. Alikuwa na uso wa mtu ambaye mama yake alimlea vizuri, uongo haukai. "Mama, naomba usinitie matatani. Nimeambiwa kuna mama mwenye mkoba wa kahawia. Basi lisitoke mpaka mtu aje kumchukua. Lisipokaa, kesho sina kazi. Dereva naye hana."

"Anakuja nani?"

"Mwenye gari jipya. Yuko njiani."

Ungedhani mama atalia. Hakulia. Alirudi mbele ya mkahawa, akapanda kwenye ngazi ya basi, akapiga mlango makofi matatu kama alivyokuwa akipiga dirisha kutuliza foleni.

"Abiria! Tairi ni zima. Tumezuiwa kwa sababu yangu. Mimi naenda kuolewa saa tisa, na mwanangu ndiye mpanga ratiba wa kampuni hii, hataki."

Mzee mmoja aliyekuwa na kikombe cha chai akasema, "Yaani watu arobaini tumefungwa hapa kwa sababu ya harusi moja?"

"Harusi ambayo hata hatukualikwa," akaongeza mwingine.

Hapo moto ukawaka. Mwenye mgonjwa, mwenye mtihani, mwenye mzigo wa nyanya, kila mtu akamzunguka dereva akitaka ufunguo uzunguke. Dereva akanyoosha mikono juu. Akasema kwa upole, na hapo ndipo palipouma: "Jamani, nina watoto wanne. Mama huyu akishuka akienda zake, nawasha gari sasa hivi. Akiwa ndani, siwashi."

Arobaini wakageuka wakamtazama mmoja. Hawakumfukuza. Walimtazama tu, na mwenye mgonjwa akainamisha kichwa.

"Sihitaji kuombwa," alisema Bi Tiketi. "Nendeni salama." Akashuka ngazi.

Kondakta akamfuata mbio, haya tele usoni. "Mama, utakwendaje sasa? Hapa hapapiti kitu."

"Nyuma ya mkahawa huu kuna nini?"

"Hakuna kitu. Reli tu."

Reli tu! Anamwambia nani?

Bi Tiketi akafumba macho. Kwenye daftari la nauli, kituo cha kumi na moja kutoka mjini: kibanda kimoja, jukwaa fupi, treni ya abiria husimama pale ikiombwa tu. Inafika saa tano na dakika hamsini. Alikiuza kituo kile kwa watu miaka thelathini na moja, wala hakuwahi kukitia machoni. Maana, msomaji, nikupe siri ambayo Bi Tiketi hakupenda ijulikane: mwanamke yule aliwapandisha watu treni maisha yake yote, na yeye mwenyewe hakuwahi kupanda hata mara moja. Kila treni ilipoondoka yeye alikuwa anafunga hesabu.

Saa ilisema tano na dakika arobaini. Akakimbia. Ndiyo, alikimbia, mkoba unampiga kiunoni, akikata katikati ya majani mpaka akaangukia kwenye jukwaa fupi la saruji.

Kibanda kilikuwepo. Dirisha lilikuwepo. Limefungwa.

Akagonga. Ndani alionekana mwanamke wa miaka thelathini hivi, sare imenyooka, kikombe cha chai mkononi. Hakuinuka.

"Karani! Nisimamishie treni. Tiketi ninayo."

"Pole, Mama. Umechelewa. Ombi la kusimamisha treni hupokelewa dakika ishirini kabla. Dirisha likifungwa limefungwa."

"Zimebaki nane. Bendera nyekundu unayo hapo pembeni, nyanyua tu!"

"Dirisha likifungwa limefungwa, Mama, hata akija aliyenizaa. Ndivyo nilivyofundishwa."

Maneno yale Bi Tiketi aliyajua. Hata mdundo wake aliujua, ule wa kuishia juu kwenye "aliyenizaa".

"Ulifundishwa na nani?"

"Na Bi Tiketi mwenyewe, dirisha namba mbili, mjini. Alitupa mafunzo wiki tatu, tukiwa wengi, miaka kumi sasa. Mkali, lakini kazi anaijua."

Bi Tiketi akawakumbuka abiria wake. Wote kwa mpigo. Yule bibi aliyekuwa anakwenda kumwona bintiye amejifungua. Yule mwanamume aliyesimama dirishani akisema anakwenda kuzika, dakika kumi na tano zimebaki, treni iko pale pale inatoa moshi, na yeye akamwambia dirisha likifungwa limefungwa, akapiga funda la chai. Aliona aibu. Aibu ya kutamani kuingia chini ya jukwaa lile.

"Mwanangu," alisema, "kanuni hiyo imeandikwa wapi?"

"Kwenye kitabu cha kanuni."

"Ukurasa wa ngapi?"

Karani akakivuta kitabu, akaanza kufunua kurasa.

"Haimo. Niliitunga mimi. Nilitaka dakika ishirini za kunywa chai kwa amani. Nikawafundisha ninyi, nanyi mkawafundisha wengine, ikawa sheria ya reli nzima. Bi Tiketi ni mimi, na hapo nilikosea. Nawe sasa unakunywa chai yangu."

Karani akakitazama kikombe kana kwamba kimemng'ata. Akamtazama mwanamke huyo mwenye majani kichwani na vumbi miguuni. "Mwalimu?"

"Kama husadiki, niulize nauli ya kituo chochote."

Mbali, treni ikapiga honi.

Karani hakuuliza nauli. Alitoka mbio, kikombe kikamwagika mezani, bendera nyekundu mkononi, akasimama ukingoni mwa jukwaa akiipepea kwa mikono miwili. Breki zikalia. Behewa la tatu likasimama mbele ya Bi Tiketi.

"Mwalimu, na wengine wakichelewa nifanyeje?"

"Fungua dirisha!" alijibu Bi Tiketi, tayari yuko ngazini. "Chai itapoa, utapasha!"

Mlimwona? Mlimwona alivyokaa? Nusu ya saa nzima alishika ukingo wa dirisha, akaviona vituo vyake vikija kimoja kimoja, cha kumi na mbili, cha kumi na tatu, kila kimoja na mti wake na mbwa wake, na akacheka peke yake kama mwehu. Saa sita na nusu. Treni ingefika mji wa pili saa nane na robo. Gari lilimteka, basi likamshusha, na treni waliyoitukana ndiyo iliyombeba.

Saa saba kasoro treni ikapunguza mwendo, ikasimama porini.

"Tunapishana," alisema abiria wa pembeni. "Reli ni moja hapa. Tunaingia kando, ile inayotoka kule ipite."

Bi Tiketi alilijua jambo lile kwenye makaratasi. Akachungulia. Treni ya pili ikaja polepole, ikasimama sambamba na yao, dirisha kwa dirisha, karibu kiasi cha kupokezana chumvi.

Na kwenye dirisha lililoelekeana na lake alikaa mwanamume mwenye suti ya kijivu, ua jeupe kifuani.

Bendera!

Bwana harusi wake, siku ya ndoa yao, anakwenda mji anaotoka yeye!

"Bendera!" Sauti ya dirisha namba mbili ilivuka reli. "Bendera, unakwenda wapi?"

Mzee akashtuka mpaka kofia ikamdondoka. "Dirisha Mbili? Ni wewe?"

"Ni mimi! Shuka, vuka, panda huku! Upesi, treni zitaachana sasa hivi!"

Bendera akainuka. Akashuka upande wake, akavuka reli, begi mkononi. Akafika chini ya behewa la Bi Tiketi. Akasimama hapo. Mkono aliopewa hakuushika.

"Panda, mume wangu! Unangoja nini?"

Akatikisa kichwa. Filimbi ikalia. Mkaguzi akaja mbio ndani ya behewa: "Mama, kaa! Hapa hakuna kushuka. Ukishuka hapa treni haikungojei!"

Mtoto wa watu amepatwa na mshtuko, aliwaza Bi Tiketi, miguu imemgoma. Angemwacha? Afike kwa msajili peke yake aolewe na kiti? Akajirusha. Magoti yakafika kwenye kokoto, lakini akainuka mzima. Nyuma yake treni yake ikaondoka. Mbele yake treni ya Bendera ikaondoka pia, upande mwingine. Vumbi lilipotulia walikuwa wawili tu katikati ya reli.

"Umenishusha treni," alisema Bi Tiketi huku akihema. "Sema sasa."

"Nilipigiwa simu asubuhi," alisema Bendera. "Mwanao mkubwa. Akasema umelazwa, hali yako mbaya. Nikapanda ya kwanza."

"Meneja!" Hasira ikampanda mama mpaka masikioni. "Ndiyo maana ulipigwa butwaa kuniona mzima. Saa ngapi sasa? Saba na dakika tano. Barabara ile pale, naona lori likipita. Twende."

"Kwa usafiri gani? Hatuna gari, hatuna basi..."

"Kwa miguu. Miguu hii haina meneja wala haina ratiba. Tutasimamisha hata mkokoteni."

Akamnyang'anya begi, akatangulia. Walikuwa wamefika kandokando ya lami tu, honi ikapigwa nyuma yao. Honi ndefu, anayoijua. Gari jipya likasimama kando yao, na Meneja akashuka, shati limetoka nje, jasho linamtiririka. Alikuwa ameifukuza treni kutoka mkahawani.

"Usinisogelee!" Mama akanyanyua begi. "Nakupiga nalo, wallahi!"

"Mama, sikuja kukuzuia. Nisikilize. Nilipiga simu ofisi ya msajili."

"Kufanya nini?"

"Kuweka pingamizi." Alisema kweli, akatazama chini. "Karani akaniambia nimechelewa, kuna mwenzangu ametangulia. Mwanamke. Amekaa pale tangu saa mbili asubuhi, cheti cha ndoa mkononi. Anasema huyu mzee ni mumewe."

Bi Tiketi akacheka kwa sauti. "Huo ni uongo wa ngapi leo? Asubuhi umenidanganya mimi, ukampigia huyu ukamwambia nimelazwa..."

"Nani, huyu? Mama, namba yake nimeipata wapi mimi? Wewe mwenyewe ulituficha."

Kicheko kikakatika.

Ni kweli. Aliificha. Kwenye simu yake namba ile aliiandika "Fundi Bomba", na hakuna mwana aliyewahi kuitafuta.

Akageuka taratibu. Mtu anayetaka kusafiri kwa tiketi ya mwenzake Bi Tiketi alikuwa akimjua kabla hajafungua mdomo: hutazama kando, kisha hugusa mfuko. Bendera alikuwa anatazama kando. Mkono wake ukagusa mfuko wa koti.

"Nilikuwa nakuja kukuambia," alisema kwa sauti ndogo, sauti ile ile ya miaka ishirini na miwili. "Kabla hujaambiwa na mwingine."

Moyo ulimpasuka. Nasema ulimpasuka, na wewe uliyewahi kupenda unajua nasema nini. Alitaka kukaa pale pale kwenye lami.

"Basi, Mama," Meneja akasema kwa upole, na ndani ya upole ule ushindi ulikuwa umeshaanza kuchungulia. Akafungua mlango. "Yamekwisha. Turudi nyumbani."

"Nani amekuambia yamekwisha?"

"Mama..."

"Nimesema saa tisa nitakuwa pale, na saa tisa nitakuwa pale." Alimtupia Bendera begi lake kifuani. "Nikiolewa, nitaolewa mbele yako. Nikikataa, nitakataa mwenyewe, kwa mdomo wangu, si kwa hila zako wala kwa uongo wa huyu. Sikuwatoroka watoto wangu ili nikadanganywe na mzee mwenzangu. Pandeni wote wawili!"

Wakapanda. Wanaume wazima, mmoja na cheo, mmoja na ua kifuani, wakapanda kimya.

Meneja akawasha gari. Mkono ukasita kwenye gia. "Mama, kuna jambo jingine. Karani alisema yule mwanamke hakuulizia habari za mumewe. Anauliza kama wewe utafika. Anataka kuzungumza na wewe, peke yenu."

Kwenye kiti cha nyuma Bendera akaguna kama aliyechomwa mwiba. "Usimsikilize," alisema. "Nakuomba, Dirisha Mbili. Chochote ila hicho."

Bi Tiketi hakumgeukia. Alifunga mkanda, akaitazama barabara.

"Mpigie simu karani," alimwambia mwanawe. "Mwambie huyo mama asiondoke. Nakuja."